Aliyeitwa Akiwa Hai

Marit alipopiga simu kuuliza kama angeweza kurudi kijijini na kamera yake, Nuanchan alikuwa jikoni kwa mama yake akimenya ndizi, na nusura amtukane. Aliyemzuia ni mama mwenyewe, aliyekuwa hapo hapo akikosha mchele. Bi Bunruam hapendi mtu atukanwe siku za kuelekea Don Ta, sikukuu ya kuwaita na kuwalisha wafu wa ukoo, hata kama mtu huyo ni wa televisheni.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Yule Mzungu wa kinu."

Bi Bunruam akaacha mkono wake ndani ya maji ya mchele. Kisha akaendelea kukosha, ila polepole sana, na Nuanchan akajua kwamba usingizi wa mama yake usiku huo umeshaharibika.

Habari ya kinu ilikuwa hivi. Serikali zetu mbili zilipogombana tena juu ya mstari ule ule wa mpaka, ambao wazee wetu walikuwa wakiuvuka kwa kufuata ng'ombe tu, mabalozi walirudishwa makwao, mageti yakafungwa, mboga za kule zikapigwa marufuku huku na mafuta ya huku yakapigwa marufuku kule. Basi dunia nzima ikakumbuka kwamba mkoa wetu wa Surin upo. Hoteli za mjini zikajaa waandishi wa habari wenye fulana za kuzuia risasi mahali ambapo kitu cha hatari zaidi kilikuwa ni mbwa wa mwenye hoteli. Nuanchan anafundisha Kiingereza shule ya sekondari, na shule zilikuwa zimefungwa, akaenda kuwa mkalimani wao. Marit alikuwa anatafuta bibi wa mpakani, bibi halisi. Nuanchan, kwa kiherehere chake, akasema ninaye nyumbani.

Bi Bunruam akakalishwa barazani, mdomo mwekundu kwa tambuu, akaulizwa anawaonaje majirani wa ng'ambo. Akacheka. "Wale? Wale ni wezi," akasema. "Hasa mmoja, mdogo wangu wa tumbo moja, Savoen. Kaolewa kule, na siku anaondoka kaniibia kinu cha mawe cha marehemu mama yetu. Kila mwaka akija kwenye Don Ta namdai, na kila mwaka ananiambia, dada, una miguu, njoo ukichukue." Nuanchan alitafsiri yote, hata kile kicheko alikitafsiri kwa kucheka na yeye. Marit naye alicheka mpaka akafuta machozi.

Lakini huko mbali ofisini, mtu fulani mwenye haraka zake akachukua mkasi. Kilichoonekana ni bibi mwenye meno mekundu akisema "Wale ni wezi," halafu picha ya seng'enge, halafu askari. Basi. Savoen hakuwemo, kinu hakikuwemo, na kicheko chenyewe kilikatwa katikati kikabaki kama mtu anayekenua kwa chuki.

Kipande kile kilitembea, jamani, kuliko hata sisi wenyewe tulivyowahi kutembea. Watu wa huku wakampongeza bibi kwa uzalendo, jambo lililomuudhi kuliko matusi. Watu wa kule wakampa matusi. Na Savoen, anayeuza samaki wa chumvi sokoni Samraong, ng'ambo, akaanza kuulizwa na wenzake wa meza za jirani kama ni kweli huyo ni dada yake, na kama ni dada yake, je, yeye Savoen aliyezaliwa huku kwa wastaarabu anawaonaje wezi wenzake? Mke wa mwenye duka la mchele akaacha kununua samaki kwake. Wengine wakafuata.

Savoen akatuma ujumbe mmoja wa sauti. "Dada, kama sisi ni wezi, basi huna mdogo. Usinipigie." Tangu siku hiyo simu yake ikawa haipatikani. Binamu mmoja alipitisha maelezo kwa njia ndefu, akamweleza habari ya kinu, na Savoen akamjibu kwamba la kinu alilijua tangu mwanzo, yeye si mjinga. "Mimi nimeelewa," alisema. "Je, soko zima nani atalielewesha?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Bi Bunruam angeweza kuvumilia mdogo wake kununa. Savoen alikuwa mtu wa kununa tangu utotoni. Alichoshindwa kuvumilia ni kwamba alikuwa amemwaibisha mbele za watu. Akapungua mwili. Chakula akawa anakigusa tu na kukisogeza. Jioni moja, akiwa anakunja nguo, alimwambia Nuanchan bila kumtazama: "Wewe utaniita nikifa, najua. Lakini Savoen ndiye aliyenijua nikiwa mtoto. Nikifa hajanisemesha, nitafika mlangoni siku ya Don Ta nikisikiliza, na sauti yake sitaisikia." Nuanchan aliingia ndani akalia peke yake, kwa sababu ni yeye aliyeleta ile kamera nyumbani.

Ndiyo maana sasa alimjibu Marit kwa ukavu. "Unataka nini tena kwetu?"

Marit hakujitetea. Alisema alipigana na ofisi yake akashindwa, na kwamba anaona haya mpaka leo. Safari hii alitaka kuonyesha Don Ta, familia zilizogawanywa na mageti, na itakuwa matangazo ya moja kwa moja.

"Ya moja kwa moja ndiyo nini?" mama akauliza, maana Nuanchan alikuwa akimtafsiria.

"Ukisema, wanasikia hapo hapo, mama. Haikatwi."

Bi Bunruam akamwaga maji ya mchele. "Mwambie aje."

"Mama."

"Nilimwaibisha mbele ya watu, nitamwomba radhi mbele ya watu hao hao. Au wewe una njia nyingine?"

Nuanchan akamwambia Marit aje.

Siku yenyewe ilipofika, Mzee Thongdam, mdogo wa marehemu baba yake Nuanchan, ambaye nyumba yake imetengwa na ya Bi Bunruam kwa ukuta wa mabanda ya kuku tu, alifika mapema kuja kumchokoza shemeji yake.

"Shemeji, paka poda. Dunia inakuja."

"Poda ni ya wafu leo. Wewe ukitaka, kaa kwenye sinia nikupake."

"Mimi bado mbichi."

"Ungekuwa mbichi ungenisaidia kubeba huu mkeka."

Wakatandika mkeka, wakaweka mito kwa ajili ya wageni wasioonekana, na beseni la maji penye ngazi ili waoshe miguu kabla ya kupanda. Sinia likajaa: kuku wa kuchemsha mzima na kichwa chake, samaki, wali wa kunata uliofungwa na ndizi kwenye majani ya mgomba, popoo na tambuu, nguo mpya ya hariri, kitana, poda, chupa ya pombe ya mchele. Watoto wa binamu walifukuzwa upande ule. Kwetu, mbele ya sinia ubani unapowaka, mtu haiti jina la mtoto wala la mtu yeyote anayepumua. Ukiitwa pale na pombe ikamiminwa, umeshahesabiwa na wale wa huko. Nuanchan alimweleza Marit hilo, kwamba majina yanayoitwa ni ya marehemu peke yao, ili asije akaanza kuuliza watu majina yao katikati ya shughuli.

Mpiga picha akasimama pembeni penye nguzo. Walikubaliana kwamba bibi ataita wafu wake kwanza, akimaliza ataitazama kamera na kusema na mdogo wake. Maneno alikuwa ameyaandaa siku nyingi. Nuanchan alikuwa amemsikia akiyajaribu peke yake bafuni.

Alasiri jua likiwa limelala barazani, Marit akasema maneno machache kwenye kipaza sauti, kisha akampa Bi Bunruam ishara. Bibi akawasha ubani, akakunja miguu upande kama inavyopasa, akaanza. Akamwita baba yake mara tatu, akamimina. Akamwita babu yake mara tatu, akamimina. Akamwita mumewe, na sauti ikalainika kidogo, na Mzee Thongdam akaangalia chini. Akamwita kaka yake aliyekufa kijana. Nuanchan alikuwa akitafsiri kwa kunong'ona sikioni mwa Marit, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliona kifua kinampungua uzito. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kisha Bi Bunruam akageuza uso kushoto, akasema, "Savoen, njoo," na mkono wake ukamimina pombe.

Bi Bunruam aliutazama mkeka mtupu kushoto kwake, akaitazama pombe ikilowesha kitambaa cha sinia, na Nuanchan akaona mama yake anaelewa alichofanya. Uso ulimsawijika.

Maana tangu mama yao afariki, dada hawa wawili waligawana kuita. Bunruam aliita upande wa baba, kisha akageuka kushoto na kusema "Savoen, njoo," na Savoen akasogea mbele, akaita upande wa mama huku dada yake akimimina. Miaka yote hiyo hakukosekana hata mmoja. Sasa aliyekuwa kushoto hayupo, lakini shingo iligeuka yenyewe, ulimi ukasema wenyewe, na mkono ambao kila mwaka husubiri, leo kwa woga wa kamera haukusubiri.

"Nimemwita," bibi akasema. "Nimemwita mdogo wangu naye yuko hai." Na akalia. Hakulia kilio cha heshima cha watu wazima. Alilia kwa sauti, mikono imeshika kile kitambaa kilicholowa akijaribu kukikamua, kana kwamba pombe ile ingeweza kurudi chupani.

"Kuna nini?" Marit akanong'ona. "Amesema nini?"

Nuanchan alijibu kwa kifupi tu. "Amemwita mdogo wake." Kisha akamwacha Marit hapo hapo, akaenda kumshika mama yake.

Marit akaligeukia lile sinia, ule ubani, yule bibi aliyevunjika, naye alikuwa ameambiwa kwamba wanaoitwa ni marehemu peke yao. Akaiambia dunia, kwa sauti ya chini yenye huruma ya kweli, kwamba bibi huyu amemwita mdogo wake aliyeishi ng'ambo ya mpaka. Hakusema amekufa. Lakini kule ofisini wenye haraka zao hawakuhitaji zaidi. Maandishi yakapita chini ya picha, bibi amlilia mdogo wake aliyepoteza maisha ng'ambo, halafu wakahamia kwenye michezo. Radhi haikuombwa.

Bi Bunruam aligoma kuinuka mbele ya sinia. Watu walimsihi, wakamletea maji, akakataa. "Nimemuua," alisema. "Kwanza nilimwita mwizi, sasa nimemuua."

"Shemeji, ulimi umeteleza tu," Mzee Thongdam akasema. Huyu ni mtu mwenye dawa ya kila kitu, kuanzia jino mpaka mvua, lakini alipoulizwa hili linatenguliwaje alikuna kichwa. Mwishowe akaketi kando ya shemeji yake akamvunjia popoo, ambayo hakuila.

Marit alikuwa chini kwenye ngazi, simu sikioni, akibishana na ofisi yake kwa lugha ambayo hata Nuanchan hakuijua, lakini matusi yana sauti yake. Alipomaliza alipanda akachuchumaa mbele ya Nuanchan, macho mekundu. Alisema ameona yale maandishi, na kwamba yanaondolewa. Nuanchan hakuwa hata na nguvu ya kumkasirikia. "Muulize tu mtu wako yeyote wa ng'ambo," akamwambia, "kama kuna njia ya kumfikia. Mama yangu hatakula tena."

Kabla Marit hajajibu, simu ya Nuanchan ikaita. Namba ya ng'ambo, asiyoijua. Akabonyeza, na kioo kizima kikajaa sura ya Mama Mdogo Savoen, nywele zimetimka, tundu za pua zimetanuka.

"Nani kaniua?"

Nuanchan akaisogeza simu karibu na macho.

"Nakuuliza wewe, mwalimu. Nani kaniua? Nimekaa kwangu na sinia langu, mjukuu wangu ananionyesha simu, nasoma nimekufa. Sijakaa sawa, watu wamejaa uani. Mke wa mwenye duka la mchele, yule aliyenisusia samaki miezi yote hii, kaja na ubani na mchele analia mlangoni kwangu jinsi nilivyokuwa mwema. Nimefungua mlango mwenyewe. Kakimbia mpaka kandambili zake kaacha." Akavuta pumzi. "Sasa wote wako hapa nje, wengine wananishikashika wahakikishe. Wanasema wamemwona dada yangu anavyonililia, wanauliza ndiye yule yule wa wezi. Mpe mama yako simu."

Nuanchan akapiga magoti, akaiweka simu mikononi mwa mama yake. Bi Bunruam aliishika kwa mikono miwili. Dada wawili wakatazamana. Mtu mzima mmoja kati ya waliokuwa pale barazani akaanza kupangusa macho kwa mkono wa shati. Simtaji, ila kumbe hana dawa ya kila kitu.

"Umekonda," Savoen akasema.

"Mdogo wangu, ulimi wangu..."

"Najua."

"Sikukusudia. Nilikuwa nimepanga nikuombe radhi, mbele yao wote, kwa lile jambo la..."

"Dada, najua. Niliona." Sauti ya Savoen ilikuwa imepungua ukali, imeanza kuchezacheza. "Dunia nzima imeona bibi anamlilia marehemu. Mimi niliona umegeuka kushoto. Nilikuwa naangalia huku nimekaa mbele ya sinia langu, nikakusikia unasema Savoen, njoo, na mimi mjinga nikasogea. Nikasogea kweli, magoti yangu haya. Mjukuu wangu akaniuliza, bibi, unakwenda wapi."

Bi Bunruam akafunika mdomo kwa kiganja.

"Nilikuwa nimeapa sitaangalia," Savoen akaendelea. "Nikasema nitaangalia kidogo tu nikuone kama umezeeka. Nimekukasirikia sana, dada, sikufichi. Umenitia aibu mpaka nikawa nakwenda sokoni na kofia. Lakini ulipogeuka, nikasema basi, huyu miezi yote hii ameniachia nafasi yangu."

"Nisamehe."

"Nimeshasogea, unataka nini zaidi?"

Marit alikuwa amesimama penye nguzo, na mpiga picha wake akimtazama kusubiri neno. Nuanchan aliona, akainuka tayari kwa ugomvi, lakini Marit mwenyewe aliweka mkono juu ya kamera akaishusha. "Niwaambie nini watu?" akauliza.

"Waambie yuko hai," Nuanchan akasema. "Mengine si yao."

Marit akashuka ngazi kwenda kuwaambia.

Kwenye mkeka, Bi Bunruam alikuwa amerudiwa na hofu. Alikuwa akilitazama sinia, kile kitambaa chenye doa, na ule ubani uliokaribia kwisha. "Lakini nilikuita hapa, Savoen. Nikamimina. Jina lako limeshakwenda kule kwao, na mimi sijui mtu analirudishaje."

Savoen alifikiri. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wa sokoni, mmoja akimuuliza mwenzake kama na wao walete viti au waende. Yeye akawanyamazisha kwa mkono, akasogeza uso karibu na simu, mpaka kikabaki kipande cha shavu na jicho moja.

"Wafu ukiwaita huwa wanajibu?"

"Hawajibu."

"Umewahi kumsikia baba hata mara moja?"

"Sijawahi."

"Basi niite tena. Niite kama unavyowaita, mara tatu zote, hapo hapo mbele ya sinia."

Bi Bunruam alijiweka sawa, akakunja miguu upande. Akaigeuza simu ikae mkono wa kushoto, akaiegemeza kwenye ule mto uliokuwa hauna mtu.

"Savoen," akaita.

"Abee, dada."

"Savoen."

"Abee."

Mara ya tatu sauti haikumtii, jina likamkatikia kooni, lakini kule ng'ambo alikuwa ameshaitika.